Kompaila Inayojizaa

Kitendawili!

Tega.

Sizaliwi mpaka niwe nimeshazaliwa.

Fikirini kidogo, msikimbilie kukata tamaa. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, mji nimeupokea, nimefika, nimekula na kunywa na kurudi salama, na jibu ni hili: kompaila.

Najua wengine wenu hamjawahi kulisikia jina hilo, kwa hiyo tuanze nalo. Prosesa ya kompyuta haijui lugha ya mtu yeyote. Inachokijua ni namba: namba hii maana yake jumlisha, ile maana yake hifadhi, nyingine maana yake ruka uende mahali fulani. Kuandika programu nzima kwa namba hizo inawezekana, na watu wa mwanzo walifanya hivyo, lakini ni kazi ya kutoa jasho, na kosa likiingia halionekani kwa urahisi. Ndipo watu wakabuni lugha za programu, kama Pascal, C, Go na Rust, ambazo aliyejifunza anazisoma na kuzielewa. Kile alichokiandika mtu kwa lugha hizo tunakiita msimbo chanzo. Halafu inatakiwa programu ya kuuchukua msimbo chanzo na kuugeuza kuwa namba za prosesa. Programu hiyo ndiyo kompaila.

Sasa tegeni sikio, maana utamu unaanzia hapa. Kompaila nayo ni programu. Kuna mtu aliyeketi akaiandika, na aliiandika kwa lugha. Lugha gani? Mara nyingi ni ile ile ambayo kompaila yenyewe inaitafsiri. Kompaila ya Rust imeandikwa kwa Rust. Ya Go imeandikwa kwa Go. GHC, kompaila ya Haskell, imeandikwa kwa Haskell. Waliofanya hivyo hawakukosea. Kompaila ni programu kubwa na ngumu, na lugha inayoweza kuibeba imeshajipima kwa mzigo mzito. Lakini ukikabidhiwa msimbo chanzo wa Rust peke yake, kwenye kompyuta ambayo Rust haijawahi kukanyaga, utaanzia wapi? Ili upate kompaila ya Rust, sharti uwe na kompaila ya Rust.

Wanaoumizwa kichwa na jambo hili kuliko wengine ni wale wanaotengeneza vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, kwa ajili ya mifumo ya kompyuta ya Linux. Chukueni Debian, mfumo uliozaliwa mwaka 1993 na ambao leo una vifurushi zaidi ya 60,000. Kila kifurushi huja na orodha mbili: vitu kinavyohitaji ili kifanye kazi, na vitu kinavyohitaji ili kijengwe. Mashine za Debian hukijenga kifurushi kutoka kwenye msimbo chanzo, katika mazingira safi, zikitumia vifurushi vilivyomo tayari ndani ya Debian yenyewe. Sheria hiyo naipenda kwa moyo wote. Maana yake ni kwamba mtu yeyote, awe mwanafunzi au serikali, akiwa na Debian anaweza kuijenga upya bila kumpigia magoti mtu.

Fungueni basi orodha ya mahitaji ya kujenga kifurushi cha rustc, ambacho ndicho kompaila ya Rust. Mtaikuta rustc imo. Imejiorodhesha yenyewe! Na pembeni yake kuna maandishi madogo ambayo mtu asiyejua atayapita tu: `<!pkg.rustc.dlstage0>`. Alama ile ya mshangao maana yake ni "isipokuwa". Ukiyasoma kwa Kiswahili, mstari mzima unasema: nahitaji rustc ili nijengwe, isipokuwa kama leo tumeamua kupakua kompaila ya kuanzia kutoka kwa wenye Rust. Huo ndio mlango wa nyuma uliowekwa kwa siku ya dharura, siku ambayo ndani ya nyumba hakuna rustc hata moja.

Mhunzi naye anaijua shida hii. Nyundo hufuliwa kwa nyundo. Na nyundo ya kwanza je? Ilifuliwa kwa jiwe, na jiwe halikuhitaji mhunzi. Kwa hiyo mkikutana na duara la namna hii, msilizunguke mkitafuta mwanzo wake, kwa sababu hauko ndani. Tafuteni jiwe liko wapi nje ya duara.

Mwaka 1962, pale MIT nchini Marekani, Tim Hart na Mike Levin waliandika kompaila ya lugha ya Lisp kwa Lisp yenyewe. Jiwe lao lilikuwa programu nyingine iliyokuwepo tayari, ambayo haikutafsiri msimbo wote kwa mpigo bali iliusoma na kuutekeleza hapo hapo, pole pole. Wakaiambia: isome kompaila hii, uitekeleze, na kazi utakayoipa ni kujitafsiri yenyewe. Ikafanya hivyo. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa kompaila ya kasi, isiyohitaji tena kusomewa. Zürich nako, mwishoni mwa miaka ya 1960, Niklaus Wirth alitaka kompaila ya Pascal iliyoandikwa kwa Pascal. Jiwe lake lilikuwa mkono wa mtu: mmoja wa wasaidizi wake aliketi akaitafsiri kompaila nzima kwa mkono kwenda lugha ya chini iliyokuwepo kwenye kompyuta yao. Baada ya hapo Pascal ikajibeba.

Rust ilikuwa na jiwe lake pia. Graydon Hoare aliiandika kompaila ya kwanza kwa lugha nyingine, OCaml, na mwaka 2011 Rust ikaweza kujijenga. Je, ile ya OCaml ingali inafaa? Haifai. Tangu wakati huo Rust imebadilika mno, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki sita, kila moja likijengwa kwa toleo lililolitangulia. Kompaila ya mwanzo haielewi hata ukurasa mmoja wa Rust ya leo.

Hapo ndipo ilipoingia mrustc, kazi ninayoistahi sana. Hii ni kompaila nyingine ya Rust, iliyoandikwa kwa C++. Rust inasifika kwa ukali wake: inakagua kila kipande cha kumbukumbu kimeazimwa na nani na kitarudishwa lini, na ukikosea inakataa katakata. mrustc haikagui hayo. Inaamini kwamba msimbo iliopewa ni sahihi. Mtasema huo ni uzembe, lakini tazameni kazi yake ni ipi. Haikusudiwi kumsahihisha mtu anayeandika programu mpya. Kazi yake ni kuijenga kompaila ya Rust, ambayo msimbo wake ulishakaguliwa na Rust halisi siku ulipotoka. Kwa kuacha kazi ambayo imeshafanywa na mwingine, mrustc imekuwa ndogo kiasi cha watu wachache kuimudu. Nayo inaweza kujenga, kwa mfano, toleo la 1.54. Ukishalipata hilo, unajenga 1.55, kisha 1.56, kisha 1.57, na kuendelea bila kuruka hata moja mpaka la leo. Inachosha, inakula umeme, na kompyuta inaweza kuunguruma kwa saa nyingi. Lakini hakuna hatua hata moja uliyomwomba mtu faili usilojua limetengenezwaje.

Kuna duara jingine ambalo ni la zamani zaidi, na linawagusa wengi wanaotumia Linux. Kuna GCC, kompaila ya C iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutoka mara ya kwanza mwaka 1987, na kuna glibc, maktaba ambayo karibu kila programu huiita inapotaka kufungua faili au kuandika neno kwenye skrini. glibc imeandikwa kwa C, kwa hiyo inaihitaji GCC. Na GCC iliyokamilika huja na maktaba zake ndogo zinazotaka kuijua glibc. Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu.

Ufumbuzi wake ni wa kijanja, na unafaa kuangaliwa kwa karibu. Mtengenezaji hujenga kwanza GCC pungufu. Anaiamuru: ujue C tu, usijishughulishe na C++, usitafute faili za glibc, maana hazipo, usitengeneze maktaba za kushirikiwa, usahau kabisa habari ya kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Inatoka GCC kilema, isiyoweza kujenga programu ya kawaida ya kusema "habari ya asubuhi". Lakini glibc ni programu ya ajabu: yenyewe haiitegemei glibc. GCC kilema inatosha kuijenga. glibc ikishakuwepo, unarudi kwenye msimbo ule ule wa GCC, unaondoa makatazo yote, na safari hii inatoka nzima. Kifurushi kimoja kimejengwa mara mbili, na katikati kimejengwa kile kingine. Maduara mengi hufunguka kwa njia hii. Debian ina alama za kuonyesha ni mahitaji gani yanaweza kuachwa katika hatua ya kwanza: acha majaribio, acha vitabu vya maelezo, acha kipengele hiki na kile, tutavirudia baadaye.

Na kama prosesa ni mpya, haina chochote cha kuanzia? RISC-V, aina ya prosesa iliyoanzia chuo kikuu cha Berkeley mwaka 2010, ilipokuja haikuwa na kifurushi hata kimoja. Vya kwanza vilijengwa kwenye mashine za aina nyingine, kwa kompaila inayokaa huku na kutoa namba za prosesa ya kule. Julai 2023 Debian iliipokea rasmi, na Agosti 2025 ikatoka ndani ya Debian 13 pamoja na nyingine.

Sasa nawaletea sehemu ya kutisha.

Mwaka 1984 ilichapishwa hotuba ya Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, aliyoitoa alipopewa Tuzo ya Turing. Alieleza hivi. Tuseme nimeibadilisha kompaila ya C kwa siri, ili ikikutana na programu inayowauliza watu neno la siri kabla ya kuingia, iongeze neno jingine ninalolijua mimi peke yangu. Ukiusoma msimbo chanzo wa kompaila utaniona. Kwa hiyo naongeza hila ya pili: kompaila ikigundua kwamba inachokijenga ni kompaila, ipachike hila zote mbili ndani yake. Naijenga mara moja. Halafu naufuta uovu wote kutoka kwenye msimbo chanzo, unabaki safi kabisa. Wewe unakuja, unausoma mstari kwa mstari, hupati kitu, unaridhika, unaujenga upya kwa kompaila uliyonayo. Nayo inaupachika uovu tena. Kizazi hadi kizazi, hila inazunguka ndani ya duara na haijaandikwa mahali popote panaposomeka.

Mmeona sasa kwa nini sikubali mtu aniambie kwamba duara hili ni usumbufu wa mafundi tu? Kompaila iliyojengwa kwa kompaila iliyojengwa kwa kompaila inabeba ahadi ya kila aliyetangulia. Mabenki, hospitali na simu za wazazi wenu zimekaa juu ya ahadi hizo.

GCC ina desturi ya kujikagua. Ukiijenga, kompaila uliyonayo hujenga ya kwanza, ya kwanza hujenga ya pili, ya pili hujenga ya tatu, zote kutoka msimbo ule ule. Kisha ya pili na ya tatu hulinganishwa baiti kwa baiti, na lazima zifanane. Ya kwanza hailinganishwi, maana imetokana na mgeni. Ukaguzi huo hunasa makosa ya bahati mbaya, lakini hila ya Thompson ingepita hapo ikipunga mkono. David A. Wheeler, katika tasnifu yake ya mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha George Mason, alionyesha jinsi ya kuinasa: chukua kompaila ya pili kabisa, isiyo na uhusiano na ile unayoishuku, ujengee nayo msimbo wa mshukiwa, kisha kilichotoka kiujenge msimbo huo tena. Matokeo yakilingana na ya mshukiwa baiti kwa baiti, mshukiwa yuko safi, labda kompaila zote mbili ziwe zimetiwa sumu ile ile.

Wengine wakaona hata hivyo haitoshi. Wakasema, sisi tutashuka mpaka chini. Hao ni watu wa Guix, mfumo mwingine wa vifurushi, pamoja na wenzao wa miradi ya stage0 na Mes. Zamani Guix ilianza na programu zilizojengwa tayari zenye ukubwa wa takriban megabaiti 250, ambazo ulitakiwa kuziamini tu. Wakazipunguza, wakazipunguza tena, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba mbegu imebaki baiti 357. Aya hii mnayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo.

Programu hiyo inaitwa hex0. Inasoma faili lenye tarakimu, kila tarakimu mbili inazigeuza kuwa baiti moja, na maelezo ya pembeni inayaruka. Basi, haijui kingine. Msimbo wake nao umeandikwa kwa tarakimu hizo hizo, kwa hiyo mtu akiwa na kalamu na subira anaweza kuulinganisha na programu yenyewe. Unaanza na 7F 45 4C 46. Nne hizo ndizo zinazoiambia Linux kwamba faili hili ni programu, na tatu za mwisho ni herufi E, L na F. Mkifungua programu nyingine yoyote iliyojengwa kwa kompaila kwenye Linux kwa chombo cha kuonyesha baiti, mtazikuta pale pale mwanzoni. Jaribuni.

Kutoka hex0 safari inapanda. hex0 inajenga hex1, inayoweza kutaja mahali kwa majina mafupi. hex1 inajenga hex2, yenye majina marefu. Kisha inakuja programu inayokubali maneno badala ya tarakimu, na kwa maneno hayo inaandikwa kompaila ndogo inayoelewa vipande vichache vya C. Hiyo inaijenga M2-Planet, inayoelewa vipande zaidi. Halafu Mes, ambayo ina duara lake la ndani: kisomaji cha lugha ya Scheme kilichoandikwa kwa C, na kompaila ya C iliyoandikwa kwa Scheme! M2-Planet inalivunja, kwa kuwa kisomaji kile kimeandikwa kwa C nyepesi inayoielewa. Mes inaijenga TinyCC, kompaila ndogo ya Fabrice Bellard. TinyCC inaijenga GCC 2.95, iliyotoka mwaka 1999. Kwa nini ya kale hivyo? Kwa sababu tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013, GCC yenyewe inahitaji kompaila ya C++ ili ijengwe, na huku chini C++ bado haijazaliwa. GCC ya kale inaijenga iliyo changa kidogo, inayojua C++, hiyo inaijenga ya kisasa, ya kisasa inaijenga mrustc, na mrustc inaijenga Rust.

Bado kuna kitu ambacho baiti 357 hazikukigusa. Hatua zote hizo hufanyika juu ya Linux inayokimbia tayari, na kerneli ya Linux, yaani kiini chake kinachoendesha mashine, nayo ni programu ya C iliyojengwa kwa GCC, mara nyingi juu ya Linux nyingine. Mradi wa live-bootstrap umelishika hilo. Wanaanza na kerneli ndogo mno iliyoandikwa kwa tarakimu za hex0, inayoweza kuwasha mashine, kusoma faili na kuendesha programu za mwanzo, na juu yake wanapanda mpaka TinyCC. Kwa TinyCC wanaijenga Fiwix, kerneli ndogo inayoendesha programu za Linux ingawa si Linux. Ndani ya Fiwix wanajenga zana zinazohitajika, kwa zana hizo wanaijenga Linux, na mashine inahama kutoka Fiwix kuingia Linux kabla kazi haijaendelea.